Kumbe Nywele

Alikuja saa nane mchana, jua la Novemba
limelalia bati la saluni yangu pale Chuno,
amevaa koti la lindo hadi kidevuni,
nyuma yake kamba, mwisho wa kamba
kitu. Sikujua ni mbwa au ni zulia
lililojifunza kutembea.

"Wewe ni msusi," alisema Longinus.
"Na hizi ni nywele."

Bi Somoe aliinuka na twende kilioni nusu kichwa,
kulia mistari, kushoto bado kichaka.
"Chanuo likimgusa huyo, Akwilina,
kichwa changu usikihesabu tena."
Hakukosea. Nilimmalizia kwanza, mistari yote tisa,
nikachana nailoni ya chanuo jipya,
la meno mapana, nikatoka nalo uani
karibu na bomba, kivulini mwa ukuta.

Jina lake Biskuti. Mhandisi wa gesi
alimwacha Shangani mkataba ulipokwisha,
na bakuli, na brashi ya pini,
na karatasi ya maagizo iliyoliwa na mvua.
Mbwa wetu wa mtaani hupukutika wenyewe,
manyoya yakaenda na upepo, kwisha.
Huyu hapukutiki. Unywele uliokufa unabaki,
unaukumbatia ulio hai, zinavutana,
mpaka mwili mzima unakuwa jamvi.

Nianze na maji? Hata.
Fundo likilowa kabla ya kuchanwa
hukaza kama deni.
Mafuta ya nazi kwanza. Vidole kwanza.
Shika shina, anzia nchani, ngozi isijue.
Hivyo nilifundishwa kwa vichwa vya wadogo zangu,
Jumamosi, Ndanda, wakilia kabla sijawagusa.

Kwapani fundo. Nyuma ya masikio fundo
gumu kama korosho kwenye ganda lake.
Ndani ya sikio nywele, nta, harufu ya chachu.
Kishonanguo. Mchanga. Kupe wanne,
mmoja amevimba kama mbegu ya mbarika.
Chanuo likang'oka jino. Likang'oka la pili.

"Hizi hazichaniki. Tunyoe."
"Zote?"
"Zote. Umechelewa miezi minane."
"Na mshahara nao," akasema,
akacheka peke yake.

Mashine niliazima kwa kinyozi wa pili yangu.
Nilimwambia nina kichwa kigumu;
sikusema cha nani.
(Kisu nilimnunulia kipya. Mungu ananiona.)

Mgongo ulitoka kipande kimoja,
kama ganda la chungwa mkononi mwa mtu asiye na haraka,
na humo ndani, kidogo kidogo,
akatokea mbwa mwingine:
mwembamba, wa rangi ya waridi,
mbavu unazihesabu bila kuzigusa.

Longinus hakucheka tena.
"Nilidhani amenenepa," akasema.
"Kila usiku namgawia nusu ya ugali wangu.
Namtazama, najiambia, basi, angalau huyu
ananenepa."

Biskuti alijikung'uta, akashangaa wepesi wake,
akakimbia mizunguko mitatu kuzunguka ndoo,
akaanguka, akaamka, akaendelea.

Nikatoa masharti, kama kwa mama wa mtoto:
zikiota, chana kila siku ya pili,
mpaka kwenye ngozi, usichane juu juu ukajidanganya.
Ukimwosha, mkaushe hadi ndani.
Sikio lisilale na maji.
Kila wiki ya sita mlete, hela ikiwepo,
na isipokuwepo mlete.

Hakuwa ananisikia. Alikuwa ameliokota
lile jamvi la nywele, analipima uzito
kiganjani, analigeuza, kama mtu
aliyerudishiwa chenji pungufu.

Kipepo kikapita uani.
Koti likafunguka, si sana,
na macho yangu, macho ya kazi, yakaona.
Akalivuta haraka,
akafunga kifungo cha juu.